Amepona kwa Mujibu wa Lebo

Nchi hiyo ipo. Jina lake silitaji, maana wenyewe wakitajwa huunda tume, na tume ikishaundwa lazima mtu alale ndani. Jua tu kwamba ina bendera, ina wimbo mrefu unaowachosha hata wapiga tarumbeta, na wakati wa mambo haya ilikuwa na dawa nyingi kuliko wagonjwa.

Dawa zilikuwa kila mahali. Ziliuzwa stendi kwa vipaza sauti, ziliuzwa kwenye foleni za benki, zilitangazwa redioni mara tu baada ya matangazo ya vifo ili waliobaki wajipange vizuri. Na kila chupa ilikuwa na lebo. Hapo ndipo unapotakiwa kuwaelewa watu wa nchi ile: wana heshima ya ajabu kwa kitu kilichoandikwa na kugongwa muhuri. Mwambie mtu kwa mdomo kwamba mvua inanyesha, atachungulia dirishani kwanza. Mwandikie, ugonge muhuri, atatoka na mwavuli juani, tena atakushukuru. Wamelelewa hivyo, mimi siwacheki. Nacheka mambo mengine.

Dawa iliyozipiku zote iliitwa Tibamoja. Mwenyewe alikuwa Dokta Tunguja, bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, aliyekuwa akiuza rangi za nyumba mpaka siku alipoamka daktari. Lebo ya Tibamoja ilizunguka chupa nzima ikarudi ilikoanzia. Ilisema inaponya kisukari, presha, ngiri, baridi yabisi, ugumba wa mke na wa mume, kigugumizi, kufeli mitihani, na "maradhi mengine yatakayogunduliwa". Chini yake, kwa wino mwekundu: UKIANZA HII, ACHA ZOTE. Na pembeni, kadogo lakini kanaonekana, kalikuwapo kamuhuri ka Wizara.

Basi katika mtaa mmoja wa makao makuu ya nchi ile aliishi Bi Siwema, mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, kipaimara. Ukisikia pilau imesifiwa mpaka watu wamesahau kumsifu bibi harusi, ujue mkono wa Siwema umepita hapo. Mumewe, Shaweji, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, msomaji wa kila kitu: gazeti lililofungia maandazi, karatasi ya dawa ya mbu, maneno ya nyuma ya kiberiti. Alichokisoma alikiamini. Na Shaweji alikuwa na kisukari.

Miaka yote alimeza vidonge vya hospitali bila maneno, mpaka siku aliporudi nyumbani na chupa ya Tibamoja, uso unang'aa. Siwema akachovya kidole, akaonja.

"Baba Chausiku, hii ni shira."

"Shira gani?"

"Shira. Ninayomwagia kaimati. Wametia rangi na iliki kidogo."

"Mama Chausiku, imeandikwa hapa inaponya kisukari. Kisukari kimetajwa cha kwanza kabisa. Unabishana na maandishi?"

"Nabishana na sukari."

Lakini Shaweji alikwisha kuvitupa vidonge vyake chooni, kama lebo ilivyomwagiza. Akawa anakunywa Tibamoja kijiko asubuhi, kijiko jioni, na siku akijisikia vibaya zaidi anaongeza. Haukupita muda alijikwaa kwenye kizingiti, kidole gumba kikachubuka, jambo la kupaka mafuta na kusahau. Kidole hakikusahau. Kikavimba, kikachimbika, kikaanza kunuka. Siwema alikiosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi, na Shaweji juu yake anamsomea lebo kwa sauti ya kumliwaza.

*

Ndipo Serikali ilipoamka. Sijui ni nani aliyeiamsha. Wengine husema ni wafadhili. Mheshimiwa Lusungo, Waziri wa Afya na Vifungashio, alijitokeza kwenye runinga akiwa amevaa kofia ya chuma, ingawa alikuwa ofisini kwake.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu sikivu imesikia. Kuna chupa katika nchi hii zinasema uongo. Chupa hizo zinajijua! Kuanzia leo natangaza Operesheni Kichupa Sema Kweli. Tutazisaka mitaani, tutazisaka vichochoroni, tutazitoa kwenye kabati za wake zenu. Chupa itakayojisalimisha yenyewe itapunguziwa adhabu!"

Wananchi walipiga makofi. Siwema naye alipiga, tena kwa machozi, akasema Mungu si Athumani, leo kuna mtu wa kumwambia mume wangu kwamba ameuziwa shira.

Operesheni ilikuwa kali, hilo lazima niwape haki yao. Askari waliingia madukani na mabomu ya machozi. Chupa zilipangwa barabarani zikapigwa picha, zikapakiwa kwenye malori, zikapelekwa mahabusu. Wezi wa kuku na walevi wakaachiwa ili zipate nafasi. Kila chupa iliulizwa jina, kabila na mahali ilipopata mafunzo. Zote zilinyamaza, na katika taarifa ya polisi iliandikwa kwamba watuhumiwa wanaonyesha kiburi. Dokta Tunguja mwenyewe hakuguswa. Hakuna aliyemtuhumu, aliyesema uongo ni chupa. Aliitwa tu kama mzazi wa mtuhumiwa, akapewa soda.

Siwema alibeba chupa ya mumewe mpaka ofisi ya Operesheni. Akapokewa na Bwana Tegemea, Afisa Mwandamizi wa Uhakiki. Huyu Tegemea nataka umjue vizuri. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hali rushwa, hapindishi kanuni, haangalii sura ya mtu. Katika nchi ile walimwogopa kuliko simba, kwa sababu mwizi unaweza kuzungumza naye.

"Mama, malalamiko yako ni nini?"

"Hii chupa inasema inaponya kisukari. Mume wangu anainywa, na mguu unaoza."

Tegemea akachukua lenzi. Akaisoma lebo herufi kwa herufi, midomo inacheza. Alipofika pembeni, akaiweka lenzi mezani.

"Mama," alisema polepole, "hapa kuna muhuri wetu."

"Ndicho hicho kinachonishangaza na mimi."

"Hunielewi. Kama lebo ni ya uongo, muhuri ni wa uongo. Kama muhuri ni wa uongo, Wizara inasema uongo. Na Wizara ikisema uongo..." Alisimama akafunga dirisha, kisha mlango, akampigia Waziri.

*

Jioni ile ile tume iliundwa. Ilikaa kwenye hoteli ya ziwani, maana jambo zito linahitaji upepo. Walikula samaki, walikula mbuzi, walipiga picha ya pamoja wakiwa wameshika chupa mfano wa watoto mapacha. Mwisho Mheshimiwa Lusungo akasoma ripoti mbele ya waandishi.

"Tume imebaini kwamba kuna tofauti kati ya lebo na hali ya wagonjwa. Hilo hatulifichi, sisi ni Serikali ya uwazi. Swali likawa, katika hawa wawili, nani mwongo? Lebo ina muhuri. Je, mgonjwa ana muhuri? Hana! Mgonjwa anasema tu kwa mdomo kwamba anaumwa. Hana uthibitisho, hana anuani ya posta, na mara nyingi, ndugu zangu, hata kauli yake haieleweki, analalamika tu 'aah, ooh'. Tume imeona lebo ni mkweli. Anayepotosha ni mgonjwa."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Kuoanisha Lebo na Wananchi. Ilikuwa sheria fupi. Mtu yeyote aliyekunywa dawa yenye muhuri wa Wizara, kwa maradhi yaliyotajwa kwenye lebo, amepona. Hospitali ya umma kumtibu mtu aliyepona ni ubadhirifu. Na mtu aliyepona akiendelea kuumwa, hasa hadharani, ana kosa la kuidhalilisha lebo.

Chupa zikaachiwa. Malori yaliyozipeleka mahabusu ndiyo yaliyozirudisha, safari hii yakiwa na bendi ya jeshi, na kila chupa ilifutwa vumbi kwa kitambaa laini na kuombwa radhi. Mkuu wa kituo alilia. Walevi wakarudishwa ndani.

Na Siwema? Ala, hakusahauliwa! Tegemea alikwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwake, akavua viatu barazani kama mtu mwenye adabu, akampa Shaweji mkono.

"Hongera sana, mzee. Umepona."

Akamkabidhi kadi ya plastiki yenye picha yake. Shaweji aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa imeandikwa AMEPONA, na chini yake muhuri.

"Unaona, Mama Chausiku?" alisema. "Unaona sasa?"

Siwema aliutazama mguu wa mumewe uliofungwa kanga, nzi wanauzunguka. Alitaka kucheka, alitaka kumzaba kibao yule afisa, alitaka kupiga yowe mtaa mzima usikie. Hakufanya hata kimoja. Alimletea mgeni maji ya kunywa, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa yeye.

*

Kesho yake alimkodia mumewe mkokoteni wakaenda hospitali. Daktari Nyamizi, binti mmoja mwenye macho ya usingizi wa zamu, alifunua kanga, akafunika haraka. Akamvuta Siwema pembeni.

"Mama, nakwambia kweli tupu. Hiki kidonda kinapanda. Nikimpata leo nitamkatia vidole, basi. Tukichelewa, kinaingia mguuni. Tukichelewa zaidi, kinamchukua mzee mwenyewe."

"Basi mkate vidole, mwanangu. Si tupo hapa?"

Nyamizi aliigeuza kompyuta yake imwangalie. Jina la Shaweji lilikuwa la kijani, limezungushiwa maua. Ukibonyeza kisukari, kompyuta inapiga kengele na kuandika: MHUSIKA AMEPONA, MPE HONGERA. Bila kompyuta hakuna ufunguo wa chumba cha upasuaji, hakuna nyuzi, hakuna ganzi. Na nje ya mlango, kwenye kiti, alikaa Bwana Tegemea na mkoba wake. Alikuwa amepandishwa cheo, sasa ni Afisa Mkuu wa Kupona.

"Ninachoweza," alinong'ona Nyamizi, "ni kumpokea kwa ugonjwa mwingine. Ugonjwa wowote ule, ilimradi haumo kwenye lebo."

Wakaitandaza lebo mezani, vichwa vimegusana, wanatafuta ugonjwa. Kuungua moto? Imo. Kuumwa na nyoka? Imo, nyoka wa nchi kavu na wa majini. Pepo? Wamo, kwa majina. Siwema ndiye aliyesema, "Kukanyagwa na punda je?" Wakapekua mpaka mwisho. Punda hayumo! Nyamizi aliandika kwa furaha: amekanyagwa na punda, vidole vikatwe. Tegemea akaingia, akasoma, akakiri kwamba kwa mujibu wa kanuni hana pingamizi. Lakini kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, aliona ni wajibu wake kumjulisha mwenye dawa kwamba lebo yake ina upungufu. Kabla Shaweji hajaandaliwa, toleo jipya la Tibamoja lilikuwa limeshafika hospitali na muhuri mbichi. Liliongeza punda, farasi, na kwa tahadhari, twiga.

Siwema akamrudisha mumewe nyumbani. Njiani alikuwa akisukuma mkokoteni na kutukana kimoyomoyo, matusi ambayo hata kwenye jiko la harusi hayasemwi.

Mguu ukawa mweusi mpaka kwenye kifundo. Shaweji akaanza kuweweseka, na katika kuweweseka kwake alikuwa akisema, "Nimepona, jamani, nimepona, mbona kunaniuma."

*

Hapo ndipo ilipokuja barua ya mwaliko. Taifa lilikuwa linaadhimisha Siku ya Kupona, na kompyuta, kwa hesabu zake, ilimteua Shaweji kuwa Mponywa wa Taifa. Angepelekwa uwanja wa mpira, angenyanyua mkono, angekunywa kikombe cha Tibamoja kutoka mkononi mwa Waziri, mbele ya umma wote.

"Nitakwenda," alisema Shaweji, anatetemeka kwa homa. "Nitavaa suti niliyoishona mwenyewe."

Siwema akakubali. Alijiambia, akishauona huu mguu kwa macho yake, yule Waziri naye si mtoto wa mtu? Ndivyo alivyofikiri, maskini. Alikuwa bado hajawazoea.

Uwanjani walimpokea vizuri mno. Walimketisha Shaweji kwenye kiti cha enzi cha kukodi, wakaufunika mguu kwa bendera, wakammwagia manukato mpaka waliokaa karibu wakapiga chafya. Dokta Tunguja alikuwa amevaa joho la udaktari la rangi aliyokuwa akiiuza zamani. Mheshimiwa Lusungo akapanda jukwaani, na nyuma yake, kama kawaida, msaidizi amebeba kiboksi cha barafu.

Hicho kiboksi nchi nzima ilikijua. Mheshimiwa alikuwa na kisukari, na humo zilikaa sindano zake za insulini. Kila baada ya muda alipanda ndege kwenda ng'ambo kwa madaktari wake, safari iliyoandikwa kwenye vitabu vya Serikali kuwa ni ziara ya mafunzo. Alikuwa amejifunza sana.

Siwema alipanga kuinua bendera, mguu uonekane. Aliinyanyua ncha. Mheshimiwa akaangalia, akauona mguu wote, kisha akageuza uso kwa umma na kutabasamu.

"Mwoneni mzee wetu!" alisema kwenye kipaza sauti. "Mwoneni alivyonawiri! Wapinga maendeleo watasema nini leo?"

Akachukua kikombe kinachong'aa, akamimina Tibamoja mpaka juu, akamwelekezea Shaweji, na Shaweji akanyoosha mikono yake kukipokea. Hasira ilimpanda Siwema mpaka masikio yakaziba. Alishika ule mkono wa Waziri, na kipaza sauti kikiwa hapo hapo, sauti yake ikaenda uwanja mzima.

"Mheshimiwa, toa uchawi kwanza."

Vichwa vyote vikageukia kikombe. Maana katika nchi ile, na hili hata Rais halikwepi, anayemkaribisha mtu kinywaji huonja yeye mwenyewe kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Wanaita kutoa uchawi. Ukimkabidhi mtu kikombe bila kuonja, umemtangazia wewe mwenyewe kwamba una lako jambo.

"Mama, hii ni hafla ya kiserikali," alisema Waziri akiuma meno.

"Naona, baba. Mimi nimepika shughuli za watu maisha yangu yote, sijampa mgeni hata uji kabla sijauonja mbele yake. Wewe unamtakia mume wangu nini?"

Sauti moja ikatoka majukwaa ya jua: "Onja!" Ikadakwa na upande wa pili. "Onja! Onja! Onja!" Wanawake wakapiga vigelegele, kwa kuwa walidhani ni sehemu ya ratiba. Waziri akamtazama Tunguja. Tunguja akatazama viatu vyake. Mheshimiwa akainua kikombe, akalamba kidogo.

"Kwetu," alisema Siwema, "hivyo ni kulamba."

"Malizaaa!" uwanja ukalipuka. Na Mheshimiwa Lusungo, akiwa amefumba macho, akamaliza.

Makofi yalikuwa hayajatulia alipopanda Bwana Tegemea, mwembamba, mnyoofu, mkoba mkononi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alimpa Waziri mkono, akampa na kadi ya plastiki.

"Hongera sana, Mheshimiwa. Umepona."

*

Yaliyotokea uwanja wa ndege alfajiri iliyofuata nimesimuliwa na wabeba mizigo, watu wasio na sababu ya kunidanganya. Waziri alifika na msafara wake. Tegemea alikuwa ameshafika.

"Mheshimiwa, samahani, tiketi hii ni ya matibabu. Mtu aliyepona akitibiwa kwa fedha za umma ni ubadhirifu."

"Tegemea, mimi ndiye niliyekupa cheo!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na sheria pia ulinipa wewe. Na hicho kiboksi, tafadhali. Ni dawa ya ugonjwa usiokuwepo."

Wakakichukua kiboksi. Mheshimiwa akapiga simu hospitali ya wakubwa. Kompyuta ikampa hongera. Akapiga simu kwa Tunguja; Tunguja akamshauri aongeze kijiko. Kufikia saa nne alikuwa amekaa kwenye sakafu ya chumba cha wageni mashuhuri, koo limemkauka, jasho linamtiririka, anamwambia kila anayepita, "Mimi ni mgonjwa, jamani, mimi ni mgonjwa," na wahudumu wanamjibu kwa adabu kwamba asiidhalilishe lebo.

Bunge liliitwa mchana huo huo. Wabunge waliokuwa wamelala waliamshwa ili wapige kura ya kuifuta ile sheria, wakapiga, wakalala tena. Na Mheshimiwa Lusungo akatamka redioni, sauti inakwama:

"Ndugu wananchi! Kisukari kipo! Kimekuwepo siku zote! Na yeyote anayesema hakipo ni adui wa Taifa!"

Tangazo lile lilimkuta Siwema palepale kwenye lango la hospitali. Hakuwa ameondoka tangu alipomtoa mumewe uwanjani. Shaweji alikuwa amelala kwenye mkokoteni, hasemi tena. Nyamizi alitoka mbio, hakungoja kompyuta ibadilike rangi, akausukuma mkokoteni yeye mwenyewe mpaka ndani.

Alirudi jioni, macho mekundu. "Yu hai, mama. Nimekata juu ya goti." Akakaa kwenye benchi karibu na Siwema. "Ningempata mapema, ingekuwa vidole tu."

"Nilimleta mapema."

"Najua."

Siwema alilia kwa kwikwi, na daktari akamshika mkono, naye akalia.

*

Sasa usidhani Serikali ile haijifunzi. Ilitoka sheria mpya, kali na safi: lebo iseme ukweli, ukweli mtupu, na Wizara igonge muhuri. Dokta Tunguja akachapisha lebo mpya. Ilikuwa fupi. MAJI, SUKARI, RANGI. HAIPONYI UGONJWA WOWOTE. Na pembeni, muhuri.

Watu wakadhani atafilisika. Thubutu! Foleni ilizunguka mtaa. Tunguja akaajiri mabaunsa wa kupanga wateja, akaanza kujenga ghorofa. Kila mtu alinunua, na hakuna aliyetaka kusema kwa nini, isipokuwa Shaweji, ambaye hakuwa mtu wa kuficha kitu kwa mkewe hata akijitahidi. Siwema aliikuta chupa chini ya mto.

Alikaa kitandani taratibu, pale palipokuwa na nafasi, mahali pa mguu.

"Soma," alimwambia.

Shaweji akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyozoea. "Haiponyi ugonjwa wowote."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini nani anayesema haiponyi, Mama Chausiku? Si ni wale wale? Waliposema nimepona, walidanganya. Mguu wangu uko wapi? Sasa wamegeuka wanasema haiponyi. Unataka niwaamini tena? Wameona inawafaa wenyewe, wanatunyima."

Siwema alinyanyuka, akaichukua chupa ya insulini.

"Na hizo sindano zako sizitaki," alisema Shaweji, amegeukia ukutani. "Nimeiona chupa yake. Ina muhuri ule ule. Watu wale hawanichomi tena kitu."

Ulikuwa wakati wa sindano. Daktari Nyamizi alikuwa amesema wazi: akikosa sindano, huo mguu uliobaki nao utakwenda, na baada ya mguu hakuna kingine cha kukata. Siwema akatoka, akasimama uani. Chupa ya insulini ilikuwa baridi kiganjani mwake, na lebo yake ilisema kila kitu sawasawa: jina la dawa, kiasi chake, tarehe yake, ugonjwa wake. Ilikuwa lebo ya kweli, pengine ya pekee katika mtaa mzima. Akailowesha kwa mate, akaikwangua kwa ukucha, kipande kwa kipande, mpaka kioo kikabaki kitupu. Kisha akarudi chumbani, akarudishia mlango nyuma yake, akainama mpaka kwenye sikio la mumewe.

"Baba Chausiku," alinong'ona, "hii nimeipata kwa njia za panya. Serikali haiijui. Haina muhuri, haina jina, hata aliyeniuzia simjui. Usimwambie mtu."

Shaweji aligeuka. Akaichukua ile chupa, akaizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akaitafuta lebo pande zote asiione. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, akatabasamu.

"Sasa hiyo," alisema, akipandisha mkono wa shati, "ndiyo dawa."